Risasi za .303 nilizorithi: nizitambueje, na je, bado ni salama?

Mrithi wa Sanduku

Nawasalimu nyote. Baba yangu mkubwa alifariki dunia mwaka jana, na katika kugawana mali zake mimi niliangukiwa na bunduki yake ya boliti (kile chuma kinachovutwa kwa mkono kufungua na kufunga nyuma ya mtutu), ambayo leseni yake bado inashughulikiwa na kwa sasa imehifadhiwa na mamlaka husika. Wiki iliyopita, tulipokuwa tukihamisha kabati lake, tulikuta nyuma yake sanduku la mbao lenye risasi 118 ambazo hakuna mtu katika familia aliyejua kwamba zipo. Nilipiga picha, nikaandika niliyoyaona, kisha nikalifungia sanduku katika chumba kisichoingiwa na watoto.

Risasi 50 zimo katika mkanda wa kitambaa wenye mifuko mitano, na kila mfuko una risasi kumi zilizopangwa tano tano katika klipu za chuma. Kitakoni zimeandikwa K, 1942 na VII, na kuizunguka fataki, yaani kile kidude cha katikati ya kitako kinachowasha baruti, pana duara jembamba la rangi ya zambarau iliyofifia. Nyingine 48 zilikuwa zimetapakaa chini ya sanduku, nazo zina herufi MF, mwaka uleule na VII. Zipo 15 zilizochomekwa katika mkanda wa ngozi, zenye vichwa ambavyo ncha zake ni madini laini ya risasi yaliyo wazi. Hizi zimeandikwa KYNOCH na .303 bila mwaka, na nyingi zimeota kutu ya kijani pale zinapogusana na ngozi. Zilizobaki ni tano, zimefungwa peke yake katika karatasi iliyochakaa. Ncha zao zina rangi ya buluu, na kitakoni naona herufi B kabla ya namba ya Kirumi, lakini mwaka umeliwa na kutu.

Kwa rula, ganda la risasi za mkanda wa kitambaa lina urefu wa milimita 56, risasi nzima milimita 78, na ukingo wa kitako una upana unaokaribia milimita 14. Naomba kujua ni risasi za aina gani, na kama inafaa kuzisafisha na kuzifyatua baadhi katika uwanja wa shabaha leseni itakapotoka. Marehemu alikuwa mlenga shabaha hodari, na ningependa kumkumbuka kwa jambo alilolipenda, lakini sitaki kumkumbuka kwa kujiumiza.

Mzee wa Karakana

Pole sana kwa msiba, mwanangu. Nilifanya kazi ya ufundi wa silaha mpaka nikastaafu, na laiti kila aliyeniletea risasi za urithi angeanza kama ulivyoanza wewe, kwa kalamu na rula kabla ya kitambaa na mafuta.

Kabla ya yote, katika nchi nyingi leseni ya bunduki na ruhusa ya kumiliki risasi ni mambo mawili yanayotazamwa kila moja peke yake, na risasi zilizokutwa baada ya kifo cha mwenyewe zinapaswa kutolewa taarifa. Basi wapigie simu leo wale wale wanaoshughulikia leseni yako, uwaeleze ulichokikuta na siku uliyokikuta. Usiwapelekee sanduku mkononi bila kuwauliza, wala usilipakie garini ili likaonekane kwa fundi.

Sasa tuje kwenye utambuzi, ambao katika suala lako ndio sehemu nyepesi. Vipimo ulivyotoa ni vya .303 ya Uingereza: ganda la milimita 56 lenye ukingo uliojitokeza, na urefu wote wa milimita 78. Ninasisitiza vipimo kwa sababu jina pekee hupotosha. Ipo risasi nyingine iitwayo .303 Savage, iliyotengenezwa Marekani, ambayo ganda lake ni fupi na kichwa chake ni chembamba zaidi, na haihusiani na bunduki yako kwa lolote ila namba. Ipo pia ile ya Urusi ya milimita 7.62 yenye ukingo, ambayo kwa mbali hufanana sana na .303, lakini ganda lake halifiki milimita 54 na ukingo wake unapita milimita 14 kwa kiasi kinachoonekana kwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Hata risasi ya Mauser ya milimita 7.92, ambayo haina ukingo uliojitokeza, ina matoleo mawili yanayofanana kwa ganda, moja la kichwa cha kipenyo cha milimita 8.07 na jingine la 8.20, na kulilazimisha lile nene kupita katika mtutu uliochongwa kwa ajili ya lile jembamba kunapandisha shinikizo kupita kiasi. Kwa hiyo usiseme umeitambua risasi mpaka maandishi, vipimo na umbo viwe vimekubaliana.

Herufi K ni ya kampuni ya Kynoch ya Uingereza. MF ni ya kiwanda cha serikali cha Footscray, Australia. VII ni toleo la saba la risasi hiyo, lililopitishwa mwaka 1910, lenye kichwa cha ncha kali chenye uzito wa greni 174, yaani gramu 11 na ushee. Toleo la sita lililotangulia lilikuwa na kichwa butu chenye uzito wa greni 215. Duara la zambarau ni alama ya risasi ya kawaida ya vita. Lingekuwa jekundu, ungekuwa na risasi ya kuacha mwanga nyuma yake. Lingekuwa la kijani, ungekuwa na risasi ya kutoboa chuma.

Tazama pia kile ambacho hakipo. Kama baada ya VII ingefuata herufi Z, tungejua kwamba ndani mna baruti ya nitroselulosi ya punje. Kwa kuwa haipo, ndani mna kordaiti, baruti iliyovumbuliwa mwaka 1889 kwa kuchanganya nitrogliserini, nitroselulosi na mafuta mazito ya petroli, ikatengenezwa kwa umbo la nyuzi mithili ya tambi zilizokauka. Ndiyo maana wanaoshauri watu watikise risasi na kusikiliza kama baruti inacheza huwa wanawapoteza wenzao, kwani nyuzi hizo zimesongamana ndani ya ganda na ukimya wake hauna maana yoyote.

Fataki za miaka ile zilitumia klorati ya potasiamu. Ikishaungua huacha mtutuni kloridi ya potasiamu, chumvi ya jamii moja na ile ya mezani, inayonyonya unyevu wa hewa na kuutia mtutu kutu ndani ya siku chache. Chumvi hiyo haiyeyuki katika mafuta ya bunduki. Huyeyuka katika maji, na askari wa zama zile walimimina maji ya moto mtutuni, wakakausha, ndipo wakapaka mafuta. Herufi Z nayo isimdanganye mtu hapa, kwa sababu inazungumzia baruti tu na haisemi lolote kuhusu fataki.

Zile tano za buluu usiziguse tena kabla hatujazungumza. Nitazirudia.

Mlenga Shabaha wa Jioni

Ninaheshimu maelezo ya Mzee, lakini naomba kutoa upande wa pili. Nimewahi kufyatua risasi za kijeshi zilizonizidi umri kwa miaka mingi, zikiwa bado katika makasha yao ya bati yaliyofungwa kwa risasi ya kulehemu, na zilifanya kazi bila tatizo. Umri peke yake si ugonjwa. Ningeshauri uchague tatu zilizo safi kuliko zote, bunduki ifungwe katika kishikizo imara, kifyatulio kivutwe kwa kamba kutoka nyuma ya ukuta, na zikilia vizuri ndipo uamue kuhusu nyingine.

Mwanafunzi wa Metali

Ndugu yangu, nakubaliana nawe kwamba umri peke yake si ugonjwa, na kasha lililofungwa kiwandani lina historia inayojulikana. Sanduku la mbao nyuma ya kabati halina historia hiyo. Hatujui kama lilikaa miaka ishirini chini ya bati la paa, kama liliwahi kulowa, wala kama risasi hizo 48 zilizotapakaa zilitoka katika kasha moja au zilikusanywa kutoka sehemu sita. Jaribio la risasi tatu hukuambia habari za hizo tatu tu. Ya nne ingeweza kuwa ndiyo iliyolala kwenye kona yenye unyevu.

Naomba nieleze kinachotokea ndani ya ganda, kwa sababu wengi tunadhani ubovu wa risasi huanzia nje kuelekea ndani, na tunatumia macho kutafuta jambo ambalo macho hayalifikii. Nitroselulosi huanza kuvunjika tangu siku inapotengenezwa. Katika kuvunjika kwake hutoa oksidi za nitrojeni, ambazo zikikutana na unyevu huwa asidi, na asidi hiyo huharakisha kuvunjika kwa ile iliyobaki, hivyo ubovu hujilisha wenyewe. Watengenezaji hutia kiungo cha kutuliza, kama vile difenilamini, ambacho hukamata oksidi hizo zinapotokea. Kiungo hicho hutumika na kuisha, na joto hukimaliza mapema. Kikishakwisha, asidi huanza kulila ganda kutoka ndani, hasa shingoni. Ganda linaweza kung'aa nje huku ukuta wake umekonda, na shinikizo linalotegemewa kuzuiwa na ukuta huo ni zaidi ya mara elfu tatu ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Ganda likipasuka karibu na kitako, gesi yenye joto kali hurudi nyuma kupitia boliti, nako nyuma ndiko uliko uso wa mlengaji. Kamba na ukuta vinaokoa uso, lakini haviokoi bunduki ya marehemu, ambayo mwenzetu anaithamini kuliko risasi zenyewe.

Upo mkasa wa kweli unaoeleza vizuri tabia ya shaba hii. Jeshi la Uingereza nchini India liligundua kwamba maganda ya risasi yaliyohifadhiwa katika mazizi ya farasi yalikuwa yakipasuka yenyewe msimu wa mvua, bila kufyatuliwa na bila kuguswa. Uchunguzi uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ulionyesha sababu mbili zinazoshirikiana: amonia iliyotoka katika mkojo wa farasi, na mkazo uliobaki ndani ya shaba tangu ilipovutwa na kufinyangwa kiwandani. Dawa ikawa kulipasha ganda moto wa kiasi ili mkazo ule ulegee. Kwa hiyo, mwuliza swali, ukiona shingo za risasi zako zina doa la rangi ya moshi lenye kuelekea buluu, usiogope, kwani hiyo ni alama ya moto wa kiwandani. Lakini kuhusu kusafisha, jibu langu ni kwamba usizipake dawa yoyote ya kung'arisha shaba. Nyingi zina amonia, na utakuwa umewarudisha farasi wale zizini. Mafuta mepesi ya kupuliza nayo hupenya pembezoni mwa fataki na kuiua, nayo fataki iliyokufa nusu ni mbaya kuliko iliyokufa kabisa.

Mlenga Shabaha wa Jioni

Nimekuelewa, na ninaliondoa pendekezo langu la kamba. Sikulifikiria jambo la historia ya uhifadhi. Tafadhali fafanua hiyo fataki iliyokufa nusu, maana wengi wanaosoma hapa wanaweza kukutana nayo hata kwa risasi zisizo za urithi.

Mwanafunzi wa Metali

Fataki iliyokufa kabisa hugoma tu. Ile dhaifu inaweza kuchelewa: pini inapiga, kimya kinapita, kisha risasi inalia wakati mlengaji ameshaanza kufungua boliti. Ndiyo sababu risasi ikigoma mtutu hubaki umeelekezwa kwenye shabaha kwa sekunde 30 kwa uchache, boliti ikiwa imefungwa. Inaweza pia kuwasha baruti kwa unyonge, kichwa kikasukumwa sentimita chache na kukwama mtutuni. Mlio huwa mdogo na bunduki haisukumi bega kama kawaida. Anayeingiza risasi nyingine juu ya hiyo hupasua mtutu. Ukisikia mlio usiokuridhisha, simamisha kila kitu, uhakikishe chemba, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi, ni tupu, ndipo mtutu ukaguliwe.

Mrithi wa Sanduku

Ninawashukuru sana. Nimepiga simu, na nimeambiwa nisiliondoe sanduku mahali lilipo mpaka wataalamu watakapokuja kesho kutwa. Nimeambiwa pia kwamba nikihitaji kuandika orodha ninaweza kuziangalia bila kuzipanga upya. Nimezitazama kwa tochi zile za ngozi, na kutu ya kijani katika saba au nane imefanya vishimo. Kichwa cha moja kilizunguka nilipoigusa. Je, hizi 50 za mkanda wa kitambaa, ambazo kwa kweli ni nzuri mno kwa macho, nazo nizihesabu kuwa mbovu? Na Mzee, zile tano za buluu?

Mzee wa Karakana

Nianze na za ngozi. Hizo ni za kuwindia, na kilichoziharibu ni mkanda wenyewe, kwani ngozi hutengenezwa kwa tanini zenye asidi, na shaba ikikaa ndani ya ngozi kwa miaka huota kutu ile ya kijani. Vumbi la kijani linalofutika kwa kidole huwa ni la juu juu. Vishimo ni jambo jingine, maana pale shaba imepungua. Kichwa kinachozunguka kwa vidole hakijashikwa tena na shingo, na kinaweza kuzama ndani ya ganda boliti inapokisukuma, nafasi ya baruti ikapungua na shinikizo likapanda. Hizo kumi na tano usiwe na shaka nazo: hazifai. Unawe mikono kwa sabuni baada ya kuzigusa, kwa sababu vumbi lake lina risasi ya madini, ambayo ni sumu.

Za buluu ni za kuwasha moto. Herufi B katika mfumo wa Uingereza ni ya kundi hilo, nayo ncha ya buluu inalithibitisha. Katika matoleo ya mwanzo, mpaka la nne, ndani ya kichwa mlikuwa na fosforasi, inayowaka ikikutana na hewa. Ya baadaye, ambayo ndege za kivita za Uingereza zilianza kuyatumia katika mapambano ya mwaka 1940, yalibeba mchanganyiko unaowaka kwa kishindo cha kugonga shabaha. Kwa kuwa kutu imekula maandishi ya zako, hatuna budi kuzihesabu katika lile baya zaidi. Kichwa chake kina kemikali yake chenyewe, mbali na baruti iliyo ndani ya ganda, na kutu inayokula kitako inaweza kuwa inakula na ganda la kichwa. Usizifungue, usizikwangue kutafuta mwaka, wala asitokee jamaa wa kukuambia umchomolee moja awe nayo kama kumbukumbu. Waambie wataalamu kabla hawajaingia chumbani kwamba kuna risasi tano zenye ncha za buluu na herufi B. Katika nchi nyingi risasi za namna hii haziruhusiwi kabisa kwa raia, hata mwenye leseni, na wanaokuja watapenda kujua mapema wabebe chombo gani.

Kuhusu zile hamsini, ninakuonea huruma, kwa sababu najua moyo wako umezielekea. Ukaguzi wa macho una nguvu ya upande mmoja tu. Ukiona ufa, kishimo, fataki iliyovimba au yenye unga mweupe, kichwa kinacholegea, ganda lililobonyea, au ukisikia harufu kali ya asidi, umepata ushahidi wa kutosha kwamba risasi ni mbovu. Usipoona chochote, hujapata ushahidi kwamba ni nzima. Umekosa tu ushahidi wa ubovu. Maabara za kijeshi huchukua sampuli kutoka katika kundi lenye namba moja ya uzalishaji, hupima kiasi cha kiungo cha kutuliza kilichobaki, na hufyatua katika mitutu ya majaribio inayopima shinikizo. Wewe huna namba ya kundi, huna maabara, na mkanda mmoja si lazima uwe na risasi za kundi moja, kwani mikanda hii ilijazwa na kujazwa tena. Mimi, niliyeshika risasi hizi maisha yangu yote, nisingezifyatua katika bunduki ninayoipenda, wala nisingemruhusu mwanangu.

Kama unataka kumkumbuka marehemu kwa shabaha, .303 bado inatengenezwa leo, yenye fataki isiyoacha chumvi. Mpelekee fundi bunduki hiyo kwanza apime nafasi kati ya boliti na kitako cha ganda, kwa sababu bunduki iliyolala miaka mingi nayo ina siri zake, kisha ufyatue risasi mpya.

Risasi hizi zisizikwe, zisitupwe jalalani, majini wala motoni. Risasi inayolipukia motoni haina mtutu wa kuielekeza, na vipande vya ganda huruka upande wowote.

Mrithi wa Sanduku

Wataalamu wamekuja na kuondoka na zote 118, wakaniandikia hati ya kupokea. Za buluu walizichukua kwanza, peke yake, katika chombo chao. Nimewauliza kuhusu ule mkanda wa kitambaa wenye mifuko mitano na zile klipu, wakasema vikishakuwa vitupu si silaha na naweza kubaki navyo. Nimevitundika karibu na picha ya baba mkubwa. Swali langu la mwisho ni kuhusu lile sanduku la mbao, ambalo alilichonga mwenyewe. Je, lina hatari yoyote?

Mzee wa Karakana

Lifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni, ukitupe kitambaa, uliache likauke kivulini. Kabla ya hapo ligeuze polepole na uangalie pembe zake kwa tochi, hasa kama lina sakafu ya pili. Kwa masanduku ya kuchonga kwa mkono nimekuta mara nyingi risasi moja imejibana katika mwanya wa ubao, na mwenye sanduku anaapa kwamba lilikuwa tupu.

Mrithi wa Sanduku

Nimefanya hivyo, Mzee. Ilikuwepo moja, ya MF, katika mwanya wa kona ya nyuma. Nimewapigia tena simu, na wako njiani.